Mfalme wa Nyuma ya Mlango

Kwa miaka tisa Benta alifinyanga sanamu za pango la Noeli katika kigango kimoja karibu na Rodi Kopany, na kwa miaka tisa waumini walikwenda pangoni kutafuta pua zao. Benta hakujua kufinyanga mtu asiyemjua. Yosefu alikuwa fundi baiskeli mtupu. Ng'ombe alikuwa na macho ya katekista, ila hilo halikusemwa mbele yake.

Desemba hii Boaz, mwenyekiti wa kigango, alitangaza kwamba sanamu za plastiki zitanunuliwa Kisumu. "Hizi za Benta zinachekesha watu kwenye sala."

Benta alirudi nyumbani. Sokoni alikuwa muuza vyungu kama wengine. Pangoni tu ndipo alikuwa Benta. Usiku akazipitia sura zote alizowahi kufinyanga. Boaz hakuwamo.

"Kumbe!" akacheka peke yake.

Baada ya wiki mbili alimwonyesha Boaz mfalme mpya, mwenye taji na kitambi.

"Mbona ana sharubu zangu?"

"Katoka mashariki, Mwenyekiti. Huko pengine wote wako hivyo."

Boaz akakohoa. "Plastiki tutaijadili mwaka mpya."

Kasoro ilikuwa moja. Kigangoni hapo wafalme watatu huanzia mlangoni siku ya Noeli, husogezwa kidogo kila siku, na kufika pangoni sikukuu ya Epifania. Boaz alipowaleta wakwe zake kutoka Rongo, walimkuta mfalme wake nyuma ya mlango, kando ya ndoo ya kupigia deki.

Kesho yake mfalme mmoja alikuwa ameruka mabenchi sita. Benta akamrudisha. Siku iliyofuata akaruka tisa. Siku ya tatu, mchana, Benta alijibanza nyuma ya ngoma za kwaya. Boaz akaingia pekupeku, akamwinua mfalme wake pale mlangoni, akambeba kama yai.

"Mwenyekiti, nyota imekuonyesha njia ya mkato?"

Boaz nusura amwangushe. "Wakwe wanaondoka kesho, Mama. Nitafika pale lini?"

"Wa plastiki watafika upesi zaidi."

Boaz akamtazama mfalme. Mfalme akamtazama Boaz.

"Plastiki gani tena, Mama? Mpango huo nitaufuta mwenyewe, mbele ya watu wote, Jumapili."

"Basi mweke. Leo tu, na nyuma ya punda."

Boaz akamweka, akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa huku na huku.

"Na huyu punda," akanong'ona, "hawezi kusogea kidogo?"