Nilipomruhusu Bibi Kusafiri

Katika skuli yetu ya Ibra, mji wa ng'ambo katika nchi ya Waarabu, tuliambiana kwamba ukiiwakilisha nchi katika mkutano wa kuigiza wa mataifa, serikali ya nchi hiyo hulazimika kutii kauli yako. Mimi, wallahi, niliamini kuliko kuamini kuwa jua lina moto.

Juzi niliona watoto wakibandika vibendera juu ya meza, na harufu ya gundi ikanirudisha alasiri ile ya mkutano wetu. Ustadh, mwalimu wetu, alinipa Tanzania niiwakilishe. Bibi, mzaa mama, alikuwa Tabora, mgonjwa, na kila siku alitaka kuja kwetu. Mama aliifukiza kanzu yangu udi mpaka nadhani ngamia wa mji wa mbali wa Al Mintirib walipiga chafya.

Ustadh alinifundisha wiki nzima kusema habari za uvuvi. Niliposimama, kiyoyozi kikinguruma kama ndege, nikasema, "Tanzania inamruhusu Bibi Zuwena aondoke leo."

Wenzangu walicheka kuta zikatikisika. Mwenyekiti, mtoto wa mji wa Sur mwenye sauti ya kizee, akagonga meza. "Limepita. Khalas, kaa."

Leo nina cheti cha skuli ya usiku, na najua hata mabalozi wa kweli hawasikilizwi. Siku ile nilikimbia nyumbani kumwambia Mama atandike kitanda cha Bibi.

Mama alinikalisha kando yake.

"Kule hakuna anayemzuia, baba," akasema. "Viza ya kuingia huku ndiyo haikutoka. Na ule ulikuwa mchezo wenu wa skuli, hakuna serikali iliyokusikia."