Kaburi Lililofuka Moshi

Ukipita Ibighi ukauliza nyumba ya vigae vyekundu, utaletwa kwangu. Nimeijenga mwenyewe kwa elimu ya darasa la nne, na waliosoma huja kuniuliza nilifanyaje. Lakini kuna siku moja kule Kisiba nilikaribia kufukuzwa kama kuku wa jirani.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara imeachiwa, malori ya watu binafsi yanapanda kutoka Dar kutafuta ndizi. Mama yangu alikuwa amefariki, baba sikumjua. Mwanamke aliyekuwa akichuma chai pamoja na mama akanichukua nikalelewe kwake, nami nikamwita mama. Mumewe, niliyekuja kumwita baba, hakukataa, wala hakufurahi. Pale nyumbani aliishi pia mdogo wake huyo mume, baba mdogo, mtu wa maneno mengi.

Baba yao hao ndugu wawili alizikwa nyuma ya nyumba, migombani, kama tunavyozika sisi. Masika hayajaisha tangu nifike, kaburi likaanza kufuka moshi. Sisemi ukungu, ukungu wa Rungwe tunaujua. Huu ulikuwa moshi mwembamba, unatoka ardhini upande wa kichwani, alfajiri, kisha unapotea. Mama alipouona aliangusha ndoo. Siku hiyohiyo ndama akafa.

Baba mdogo akasema mzee hapumziki kwa sababu yangu, kwamba nimekuja na mzimu wa kwetu. Majirani wakawa wanawaita watoto wao nikipita. Kila chakula nilikila upesi, nikijua huenda ndicho cha mwisho. Na mbaya zaidi, niliamini. Nilidhani labda kweli ni mimi.

Ndugu wakaitwa. Kwetu mzee aliyelala kaburini akikasirika, inaaminika kuna mtu wa nyumbani mwenye kinyongo moyoni. Basi kila mmoja husema lake hadharani, husukutua maji, huyatema chini, yaishe. Wakakaa uani. Shangazi akasema lake, baba akasema lake la mipaka ya shamba. Baba mdogo akatema maji, akasema hana kinyongo na mtu, ila huyu mtoto arudishwe Lupepo kwa ukoo wa mama yake kabla jua halijazama. Wazee wakaitikia. Ukoo huo mimi sikuujua. Hata msibani hakufika mtu.

Kibakuli cha maji kikanifikia. Nikasukutua, nikatema. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Mimi sina kinyongo. Ila kaburi la babu linanuka ndizi mbivu."

Baba mdogo akacheka. "Mwamsikia? Sasa mzimu wake una njaa."

Mama hakucheka. Akachukua jembe. Wakamzuia, maana kuchokonoa udongo wa kaburi ni kujitafutia balaa, na ndiyo sababu hakuna aliyekuwa amesogea pale. Akawaambia anachimba pembeni tu, na kama ni kufa atakufa yeye. Akikosea, tungefukuzwa wote wawili.

Jembe likazama kwenye majani makavu ya mgomba. Chini yake, shimo zima la ndizi zilizovundikwa, na kwenye mfereji wa kupitishia moshi wa kuziivisha majivu yalikuwa bado ya moto. Baba mdogo alikuwa akikata mikungu ya kaka yake, anaivundika mahali ambapo hakuna wa kuthubutu kupekua, kisha anawapelekea watu wa malori. Akaanza kueleza kwamba mzee mwenyewe alimruhusu ndotoni.

Nikadhani yameisha. Kumbe mzee mmoja akakohoa akasema sawa, moshi tumeujua, ndama je? Macho yote yakanirudia.

Baba akainama shimoni, akatoa ndizi moja, akaimenya, akaninyooshea.

"Kula."

Nani angekula kitu kilicholala ubavuni mwa marehemu? Lakini ningekataa, wangesema naogopa kwa sababu mzimu ni wangu kweli. Nikauma. Ilikuwa tamu. Baba alinitazama hadi ikapita kooni, kisha akaichukua, akamalizia iliyobaki mbele ya ndugu zake.

Akajifuta mdomo. Akaniuliza ng'ombe watakula nini jioni, na majani hayajakatwa. Nikachukua mundu nikaondoka mbio, kabla hajabadili mawazo.