Taa ya Mwanyumba

Mimi ndiye mtu wa vitu vipya. Hilo lijulikane kwanza, ndipo mtu aelewe kilichoniuma. Meza yangu iko Garsen mjini, hatua chache kutoka stejini, na juu yake utapata tochi za kuvaa kichwani, mashine ndogo za kukunia nazi, visu vya kumenyea viazi, makoti ya kung'aa ya watu wa bodaboda, glavu za raba, na kile kidubwana cha kukatia vitunguu ambacho akina mama hununua Ijumaa na kunirudishia Jumatatu. Kila kitu nakijaribu nyumbani kabla ya kukisifia watu. Mke wangu ana kovu kidoleni la ile mashine ya nazi, na mteja akiuliza kama ina makali, humwambia aende akamwulize.

Basi mwanyumba wangu, yaani mume wa shemeji yangu, mtu ambaye redio yake haiwaki mpaka ipigwe kofi, akanunua taa. Na hakuinunua kwangu.

Aliniita shambani Kulesa nikaione. Mashamba yetu yamepakana. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alitukatia vipande kutoka kwenye ardhi ya ukingoni, vyembamba, kila kimoja kikianzia mtoni na kupanda juu. Alichojiachia yeye kiko upande mto unakotoka, changu katikati, cha mwanyumba upande unakoelekea. Maji ya mafuriko yakishuka tunapanda mahindi kwenye udongo ule mweusi, na mahindi hayo ndiyo unga wetu mpaka mto utakapojaa tena. Meza ya Garsen inaleta sukari na sabuni. Unga unatoka Kulesa.

"Mwanyumba, njoo uone mtambo," akasema.

Ilikuwa taa ya sola, ameifunga juu ya mti ukingoni, uso umeelekea mtoni. Kitu kikipita mbele yake gizani inawaka yenyewe, nyeupe kali, halafu inaanza kupepesa nyekundu kama gari la polisi. Dawa ya viboko wanaotoka mtoni kula mahindi. Niliijua. Nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu Malindi kwa muuzaji wa jumla, nikataja bei yangu, akakataa, nikaondoka ule mwendo wa polepole wa mnunuzi anayetaka kuitwa. Hakuniita.

"Umeipata wapi?"

"Mombasa."

"Kwa ngapi?"

Akaitaja. Ilikuwa chini ya ile niliyotajiwa mimi Malindi, tena chini kwa kipande kizuri.

"Ulipatana naye mpaka akafika hapo?"

"Kupatana wapi, mwanyumba? Alisema bei, nikatoa pesa."

Hapo ndipo jambo liliponiingia. Mtu kuwa na taa ni jambo la kawaida. Mtu kuwa na taa kwa bei nzuri bila hata kufungua mdomo, wakati mimi nimezeeka kwa kubishana, hilo halina jina. Nikaizunguka ile taa nikitafuta ufa. Nikamwambia mvua itaiua. Akaniambia imeandikwa haiingii maji. Nikamwambia yameandikwa mengi duniani.

Kabla ya taa tulikuwa tunalinda pamoja. Kwenye shamba langu, kwa kuwa liko katikati, tulijenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, na tulipanda juu yake jua likizama, mmoja analala, mmoja anapiga debe. Kutoka pale sauti ilifika kwake, kwangu na kwa mama mkwe. Kiboko hapendi kelele asizozizoea. Hugeuka, akaenda kula nyasi mahali pengine. Asiposikia kitu, hupanda na familia yake, na mahindi wasiyoyala huyakanyaga.

Taa ilipofungwa, mwanyumba aliacha kuja. Hakuaga. Nilipomwuliza alisema, "Kuna haja gani sisi wawili kukesha, na kuna kitu kinakesha bure?" Ni maneno ya busara, na yalikuwa yake peke yake. Yeye alilala na mkewe. Mimi nililala na debe.

Mtu mmoja hawezi kukesha usiku mzima na kesho yake akasimama mezani Garsen akawadanganya watu vizuri. Nilianza kusinzia. Na viboko, wakifika kwenye njia yao ya zamani chini ya shamba la mwanyumba, walikuwa wakimulikwa usoni, wakirudi majini, wakipanda na mto kidogo, kisha wakipandia kwangu. Asubuhi nilikuta nyayo kama sahani zilizochorwa vidole vinne, na mahindi yamelazwa chini kama mkeka. Kwa mwanyumba hakuna jani lililokatika. Nilihesabu mistari iliyoliwa. Nikahesabu tena, maana hasara ukiihesabu mara moja huwa unaipunguza.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mke wangu alikuwa ametoka kwa mdogo wake.

"Siku hizi wana rangi," akasema. "Wanalala."

"Na mimi nina rangi gani?"

"Ya debe."

Mama mkwe naye aliisifia ile taa kila nilipopita kumwamkia. Kwamba ni kitu kizuri. Kwamba mume wa mdogo ni mtu wa kutazama mbele. Kwa mkwe huwezi kujibu. Unasema "naam, mama," unatazama chini, na ndani kunatokota. Mwenye meza ya vitu vipya mji mzima ni mimi, na wa kutazama mbele ni mtu wa redio ya makofi.

Kisha asubuhi moja, nikifuata nyayo, nikaona jambo. Viboko walikula mpaka mahali fulani, wakakata kona. Mistari minne ya mwisho, ile iliyopakana na mwanyumba, ilikuwa imesimama mizima. Nikakaa chini nikafikiri. Taa yake ilikuwa ikimwagika. Mwanga hauna mpaka, ulikuwa ukivuka kuingia kwangu, na kwa mistari minne nilikuwa nalindwa bure.

Sikumwambia mtu. Kati yetu mpakani palikuwa na matete marefu, na ni hayo yaliyokuwa yakiukata ule mwanga usifike mbali. Siku iliyofuata nikachukua panga nikayafyeka yote, upande wangu na upande wake. Mwanyumba alipita akanikuta natoka jasho.

"Ahsante, mwanyumba. Hata mimi yalikuwa yananikera."

"Si kitu. Sisi ni ndugu."

Yalipoanguka yale matete, mistari minne ikawa tisa. Nilianza kulala nusu ya usiku. Na niseme ukweli, utamu wa mwanga ule haukuwa katika mahindi tu. Ulikuwa katika kujua kwamba analipia yeye.

Haikudumu. Sijui ni nani aliyemwonyesha, labda alihesabu mwenyewe, maana wivu hufundisha hesabu hata kwa wasiosoma. Asubuhi moja niliamka nikakuta mistari yangu yote tisa imelala. Nikatazama juu ya mti. Taa ilikuwa imegeuzwa shingo, inatazama kwake peke yake, na upande wangu imefungiwa kipande cha bati.

Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwa mama mkwe kwa chakula. Yeye alikuwa jikoni, mlango wazi, anakuna nazi kwa mbuzi ya zamani, kwa kuwa ile mashine niliyompa zawadi aliitumia mara moja akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Sisi tulikaa barazani. Kwa kuwa yuko pale, tuligombana kwa sauti ya watu wanaoombeana heri.

"Mwanyumba," nikaanza, "wale viboko wako wamekuja kwangu tena."

"Viboko wangu? Niliwazaa mimi?"

"Walikuwa na njia yao. Umewafukuza wewe. Mtu akimfukuza mbwa wake akaenda kula kuku wa jirani, kuku wanalipwa na nani?"

"Mbwa ni wa kufugwa. Haya, na wewe mwanga wangu umeula wiki ngapi?"

"Mwanga ulikuja wenyewe."

"Na viboko vilevile."

Sikuwa nimetegemea jibu zuri hivyo kutoka kwake. Nikabadilisha njia, kama unavyofanya na mteja mgumu. Nikampa nusu. Aondoe bati, nami nimpe mahindi ya mstari mmoja kati ya kila mitatu itakayopona. Akataka mmoja kati ya miwili. Nikamwambia kwa bei hiyo bora nimpe kiboko mwenyewe. Akasema basi na tuhesabu pia matete, kwamba nilikata ya kwake bila ruhusa, na yale angeezekea choo. Nikamkumbusha kwamba alisema ahsante. Tulikuwa tumefika mahali pazuri, mahali ambapo biashara huanza kunukia, sauti ya mbuzi ya nazi ilipokoma.

Mama mkwe alitoka na kuketi kizingitini, mikono myeupe.

"Baba zangu," akasema, "mmemaliza?"

"Tunazungumza tu, mama," akajibu mwanyumba.

"Nasikia. Huyu ana taa, huyu ana debe. Na mimi nina nini?"

Mwanyumba akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Mwenye taa anamulika kwake. Mwenye debe amelala. Mlifika lini shambani kwangu?"

Hakuna aliyekuwa amefika. Tulinyanyuka tukaenda kutazama. Shamba lake lilikuwa limeliwa kutoka mtoni hadi nusu. Yaliyobaki yalikuwa yamesimama kama watu waliobaki msibani baada ya chakula kuisha. Viboko waliotoka kwa mwanyumba walikuja kwangu, na waliotoka kwangu, kwenye usiku wa mistari yangu tisa, walipanda na mto wakafika kwake. Mimi niliyezoea kuhesabu kila kitu sikuwa nimewahi kujiuliza wale viboko wamekwenda wapi. Na yule mama alikuwa akitusifia taa ile wiki zote, akingoja mmoja wetu amwambie, "Na yako tutaifunga wapi, mama?"

"Itafungwa kwangu," akasema. Hakupandisha sauti.

Mwanyumba alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno la kuanzia, na nilifurahi kuliko inavyofaa kwa mtu aliyetoka kanisani. Lakini kwa mkwe hakuna kupatana. Akasema "naam, mama," akatazama chini, na nikajua kabisa kinachotokota mle ndani.

Tuliihamisha jioni ileile, mimi nimeshika ngazi, yeye juu. Usiku tukapanda dungu, wawili kama zamani, kulinda vipande viwili vilivyobaki. Hatukusameheana kwa maneno. Alishika zamu ya kwanza bila kuombwa. Kutoka pale tuliiona taa ikiwaka kwa mama mkwe, nyeupe, kisha nyekundu, juu ya mahindi yaliyoliwa nusu, na kila ilipowaka mwanyumba aliguna kidogo kama mtu anayeona shati lake kwa mtu mwingine.

"Inafanya kazi vizuri," nikamwambia.

"Piga debe," akasema.

Yaliyobaki yalipona. Nilivuna pungufu, na mke wangu ameanza kununua unga Garsen mapema kuliko mwaka wowote, lakini nilivuna. Kabla ya mavuno, asubuhi moja, jirani anayepakana na mama mkwe upande mto unakotoka alikuja akasimama ukingoni, suruali imekunjwa, matope mpaka magotini. Nyuma yake shamba lake lilikuwa mkeka. Alisimama akiitazama ile taa muda mrefu, na niliifahamu namna anavyoitazama. Alikuwa akitafuta ufa.

"Taa yenu hii," akaniuliza, "mlinunua kwa ngapi?"

Mwanyumba alikuwa mbali, anafunga mzigo wa kuni. Ningeweza kusema si yangu. Nilimtajia bei, nikaongeza kidogo juu yake, nikamwambia imeandikwa haiingii maji, na kwamba ya kwake naweza kumletea.

"Hiyo ni kali," akasema.

Nikainua mabega. Akaondoka polepole, ule mwendo ninaoujua, nami nikamwacha afike karibu na mwembe wake ndipo nikamwita.