Msimu Niliokaa Nyuma ya Kiti cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuichagua timu yake. Alikwenda Sirari kutafuta koti la mtumba la kumkinga na baridi ya alfajiri anapotoa ng'ombe zizini, akapata moja zito, zuri, lina nembo kifuani. Aliporudi Gorong'a vijana wa pale senta, penye maduka, wakamwambia hiyo ni klabu ya Uingereza, tena ya Ligi Kuu. Mzee akaona kwamba aliyekuvisha si mtu wa kumtupa, na tangu siku hiyo akawa shabiki. Ni klabu ndogo, ya aina ile ambayo kila msimu huanza kwa kuomba isishuke daraja. Mume wangu, ambaye ana klabu yake kubwa yenye makombe na mashabiki wasiofunga midomo, alikuwa akimwambia baba yake kwamba angebahatisha koti jingine leo angekuwa na raha.

Mimi nimezaliwa Robanda. Baba yangu alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii, na kwenye bwalo la wafanyakazi kulikuwa na televisheni. Nilijua mchezaji ameotea kabla sijajua kusonga ugali, na Kiingereza changu cha kwanza nilikiokota kwa watangazaji wa mpira. Nilipoolewa nikaambiwa mwanamke huhamia kwa mumewe, na timu nayo nihame. Nikahama kweli, ila nikahamia ya baba mkwe. Mume wangu hajalisamehe jambo hilo mpaka leo, na mimi sijaomba msamaha.

Tatizo lilikuwa kuitazama. Kwa desturi tuliyoikuta, mke wa mtoto haketi chumba kimoja na baba mkwe. Hampi mkono, hapiti mbele yake, hatamki jina lake. Akimwamkia, humwamkia kwa mbali, macho chini. Na televisheni ilikuwa sebuleni kwa mzee. Bahati nzuri jiko letu liko nje, na dirisha lake linatazamana na dirisha la sebule, kwa hiyo nilikuwa naona nusu ya uwanja. Kipindi kimoja niliwaona wetu wakishambuliwa, kingine wakishambulia. Yaliyotokea nusu nyingine niliyajua kwa jinsi mzee alivyokohoa.

Msimu ninaousema ulianza vizuri mno, na mtu mzima anapaswa kuogopa vitu vinavyoanza hivyo. Tulishinda mechi za mwanzo, mume wangu akawa mpole ghafla. Halafu tukaanza kufungwa, na macho ya mzee nayo yakaanza kuondoka. Ilikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili. Kwanza alilalamika kwamba televisheni imeingia ukungu, akaamuru ifutwe. Tukaifuta. Akaamuru ifutwe tena. Mume wangu alijaribu kumsimulia mechi, lakini usimulizi wake ulikuwa wa kichoyo. Alisema tu, "Wamefunga," mpaka baba yake amuulize ni akina nani, naye ajibu kwa furaha isiyofichika. Baadaye akawa anakwenda zake kwenye banda la mpira senta kutazama klabu yake, na mzee akabaki peke yake na vivuli.

Jumamosi moja nilikuwa nachambua maharage jikoni. Tukafungwa goli la kizembe, mpira ukapita katikati ya miguu ya kipa wetu. Nikasikia mzee anapiga makofi. Nilivumilia kidogo, nikashindwa.

"Tata, hilo ni lao," nikasema kupitia dirishani. Tata ni baba, ndivyo tunavyowaita huku.

Makofi yakakatika. Nikadhani nimeharibu nyumba. Kisha akauliza, taratibu, kama kipa aliuona mpira. Nikamwambia aliuona vizuri sana, ulipita akiutazama. Mzee akacheka, nikamsikia akigongagonga fimbo sakafuni. Nikaendelea kusimulia mpaka mwisho, nikipaza sauti kama muuza samaki.

Aliyeamua jambo lile ni mama mkwe. Alichoshwa na kelele zangu zilizokuwa zinavuka uwanja wake na kuwatisha kuku. Akaniita, akasema haya inakaa machoni, na macho ya mzee hayapo. Kwa hiyo niingie, nikae nyuma ya kiti chake, na maharage niingie nayo. Majirani walisema maneno. Mama mkwe akawajibu kwamba mwenye desturi nyingine apeleke televisheni kwake.

Basi nikawa na kigoda sebuleni. Naweza kusema bila aibu kwamba ule ulikuwa msimu mtamu kuliko yote niliyowahi kuitazama, na timu ilikuwa inazama. Nilimweleza mzee nani kachoka, nani anajiangusha, nani kanyoa vibaya. Yeye alinieleza alivyowachunga ng'ombe wa baba yake mpaka karibu na mbuga, na kwa nini beki mzuri lazima awe na moyo wa mchungaji. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Mshambuliaji wetu alikuwa na jina la ubatizo sawa na la mzee. Sikuweza kulitamka, kwa hiyo nikamwita "mwenye jina lako," na mambo yakaenda. Mpaka siku alipokosa goli la wazi, na dakika hiyohiyo akapata nafasi ya pili akafunga, nami nikasimama na maharage yakamwagika na nikalitaja jina lile zima, kwa sauti, mara mbili. Huko jikoni mama mkwe aliangusha mwiko.

Mzee aligonga fimbo sakafuni. Kisha akasema, "Endelea tu. Huyo si mimi. Mimi ile ya kwanza nisingeikosa."

Wakati huo wote hospitali walishatuambia kwamba upasuaji wa jicho ni mwepesi na wengi wanarudi wakiona. Mzee akakataa. Kwanza ilikuwa kupanda mahindi, baadaye palizi, baadaye mvua. Mwishowe akasema atasubiri msimu uishe, na timu ikishuka, macho ni ya nini tena? Tulicheka, lakini hakuwa anatania. Siku moja tulimtafuta mpaka tukamkuta shambani kwa jirani, anaigombeza sanamu ya kufukuzia nyani kwa kutomwamkia shikamoo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Alisema leo ni sanamu, kesho ni mto, akajifuta machozi kwa kanga. Nami nikaogopa. Mto Mara hauko mbali na kwetu, na haugombezwi.

Ikafika mechi ya mwisho, na ilitubidi tushinde. Mama mkwe alinivuta pembeni kabla haijaanza. Alitaka nimwambie mzee timu imebaki, hata ikishuka, ili aende hospitali. Akishaona, akasirike akiwa anaona. Nilikiri moyoni kwamba ni hesabu nzuri. Nikaenda kukaa kwenye kigoda changu.

Tulitoka sare. Kipenga kilipolia nilitazama kisogo cha mzee, kofia yake ya sufu, masikio yaliyokuwa yananisubiri. Msimu mzima hakuwa ameniuliza hata mara moja kama nasema kweli.

"Tumeshuka, Tata."

Akatikisa kichwa polepole. Akauliza kama vijana wanalia. Nikamwambia wanalia, na mwenye jina lako kalala kifudifudi. Akasema waache walie, walijitahidi. Mama mkwe alisimama mlangoni akanitazama kwa hasira, na mimi nikaona ni heri niulize mwenyewe. Nikamwambia msimu umeisha, sasa je, atakwenda hospitali?

Akasema, bila kugeuka, "Nikiona, wewe utarudi jikoni."

Sikuwa nimelitegemea neno hilo. Kumbe mahindi, palizi, mvua, yote yalikuwa visingizio vya hilo. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyoruhusiwa kuonyesha.

"Nitarudi, Tata," nikasema. "Lakini ukitumbukia mtoni nitamsimulia nani?"

Wiki ile ile mume wangu alimpeleka.

Siku anarudi nilisikia pikipiki ikipanda mlima, nikakusanya kigoda na ungo wangu nikaingia jikoni kama inavyopasa. Mzee alishuka, akasimama uani akazunguka polepole. Akasema bati limeota kutu na hakuna aliyemwambia. Akamtazama mkewe, akamwambia amezeeka. Mama mkwe akamjibu ajitazame kwanza. Nilicheka peke yangu na mboga, na nilihuzunika pia, nisidanganye.

Mwezi wa nane ligi zikaanza tena. Mzee akawasha televisheni, akazungusha chaneli zote, akarudia. Timu yake haikuwepo. Ligi waliyoshukia haimo kwenye kifurushi chetu. Mume wangu akamweleza, kwa upole kidogo tu, kwamba mechi zao sasa labda asome kwenye simu, dakika kwa dakika, na maandishi yote ni ya Kiingereza. Mzee hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Akazima televisheni.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa nakanda unga wa maandazi. Nikasikia kitu kinaburutwa uani. Kilikuwa kiti chake. Alikileta mpaka chini ya dirisha la jiko, akakiegemeza ukutani, akaketi mgongo wake kwangu, uso kwa ng'ombe.

Akauliza, kama anawauliza ng'ombe, "Humu ndani kuna mtu mwenye simu?"

Nikanawa mikono. Nikaketi chini upande wangu wa ukuta, nikafungua simu, nikamwambia bado dakika chache waanze, na kipa wamebadilisha.