Aliyepimwa Peke Yake

Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani mwenye chumba kimoja kando ya barabara, na mteja akichelewa kuchukua nguo alisemwa mpaka akaomba radhi. Alikuwa na wadogo wawili: wa kiume, fundi rangi, na wa kike, kitinda mimba. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nafasi yake.

Mambo yalianza siku alipokwenda kumchangia damu jirani aliyejifungua kwa shida. Damu yake ikakataliwa. Daktari akamweka kitako, akamweleza kwamba ana virusi vya homa ya ini, na huenda alivipata kwa mama yake alipozaliwa.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Wawili."

"Waambie waje wapimwe. Na wewe uje kila miezi sita tukupige picha ya ini kwa ultrasaundi. Saratani ya ini huanza kimyakimya. Ukingoja maumivu, umechelewa."

Yeye alikwenda. Kila miezi sita alifunga chumba, akaaga kwamba anakwenda kununua nyuzi, kumbe yuko hospitali amelala kwenye kile kitanda chembamba, mpiga picha akimpaka jeli ya baridi ubavuni. Ndugu zake hakuwaambia. Aliona ni kama kumchafua marehemu mama yao, na aliogopa habari zikivuja wateja watamkimbia. Nitawaambia wiki ijayo, alijisemea, na hiyo wiki ijayo ikawa miaka minne.

Mara ya nane, mpiga picha, ambaye kwa kawaida mdomo haumkauki, alinyamaza ghafla. Akakirudisha kifaa palepale, mara ya pili, mara ya tatu.

"Vuta pumzi, mama. Izuie hapo."

Lilikuwa doa dogo kama punje ya harage. Mashine kubwa ya CT ikathibitisha: saratani, ingali changa. Wakamkata kipande cha ini, akapata nafuu.

Ndugu zake aliwaambia ametolewa uvimbe, basi. Fundi rangi alikuja kumwona wodini, nywele zimetapakaa chokaa kama kawaida yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akajipigapiga tumbo.

"Na mimi naota kitambi cha ukubwani, dada. Ajabu ni kwamba sili. Matonge mawili tu, nimeshiba."

Sindano alilitazama lile tumbo. Alitaka kumwambia.

"Punguza soda," akasema.

Miezi mitatu baadaye macho ya mdogo wake yaligeuka manjano. Ultrasaundi ilionyesha uvimbe umekwisha kula nusu ya ini. Hapakuwa na cha kukata.

Sindano alimfuata chumbani kwake mchana, akakaa juu ya kopo la rangi, akamweleza yote bila kujitetea.

"Umejua tangu lini?"

"Miaka minne."

Fundi rangi aligeukia ukutani. Akasema, "Hata ungeniambia, nisingekwenda. Unanijua nilivyo mbishi."

Sindano akaanza kulia, akidhani amesamehewa.

"Lakini ungeniambia, dada. Kwenda au kutokwenda lilikuwa langu."

Sindano akajifuta machozi.

"Kitinda mimba anajua?"

"Bado."

"Mpigie. Hapa hapa, nisikie."

Akapiga. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili fundi rangi alimwashiria kwa kidole aendelee.

Wiki ya sita walimzika. Kitinda mimba alipimwa, akakutwa na virusi, ila ini lilikuwa safi. Hasira zake hazikwisha haraka. Mwaka mzima alimsalimia dada yake kwa adabu ya mgeni, maneno mawili, kisha kimya. Hata hivyo kliniki wanakwenda pamoja, kwa sababu Sindano humpitia nyumbani hata asipoitwa, na hukaa benchi moja wakisubiri.

Safari ya mwisho, kitinda mimba alipoitwa, alimwachia mkoba wake. "Nishikie." Sindano aliupakata kwa mikono miwili mpaka mlango ulipofunguliwa.

"Safi," mdogo wake akasema.

Sindano akashukuru. Kisha akajikuta anahesabu: miezi sita kwa miezi sita, mara nane zote alizolala pale peke yake, na kila mara palikuwa na nafasi ya kumleta fundi rangi.