Zamu ya Namba Mbili

Nyumba ninayoandikia haya, juu kidogo ya mji mdogo wa Maji ya Chai, niliijenga mwenyewe kwa miaka kumi na miwili ya kutengeneza majokofu ya hoteli katika nchi ya baridi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada yangu ya ufundi wa umeme nimeitundika sebuleni, juu ya televisheni, ili mgeni asipate taabu ya kuuliza. Nayasema haya mapema kwa sababu habari yenyewe ni ya gemu la watoto, na sitaki mtu afikiri nimekosa mambo makubwa ya kusimulia.

Gemu lilifika kwetu nikiwa msichana wa darasa la nne: kisanduku cha kijivu, pedi mbili za kuchezea zenye waya na kaseti moja ya njano. Ukiipuliza kaseti na kuichomeka vizuri, kijitu kilitokea kushoto mwa kioo cha televisheni na kuanza kukimbia kwenda kulia, kikiruka mashimo na kukwepa ndege. Nyuma hakikurudi kamwe. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa namba moja. Mimi nilikuwa namba mbili. Na sheria ya mashine ilikuwa hii: namba mbili hachezi mpaka namba moja afe.

Kaka hakuwa mtu wa kufa.

Nilikaa mkekani na pedi yangu, nikibonyeza vitufe visivyofanya kitu, nikiruka kila aliporuka yeye.

"Kufa basi!"

"Subiri. Nakaribia."

Ikifika saa kumi na moja jioni, mama aliita kutoka zizini: "Ng'ombe hakamuliwi na televisheni!" Kukamua ilikuwa kazi yangu. Nilikwenda, na hata huko zizini vidole vyangu viliendelea kuruka mashimo. Nikirudi na ndoo, namuuliza kaka kama amekufa.

"Nilikufa. Zamu yako nimekuchezea, usijali."

Alisema kwa upole, kama mtu aliyekufulia sare ya shule. Ilikuwa hivyo mpaka mashine ilipoharibika. Sikuwahi kukiendesha kile kijitu hata hatua moja.

Mwaka huu nilipanda darini kwa mama kubadilisha nyaya za umeme, nikakikuta kisanduku chini ya magunia, kaseti ya njano bado imechomekwa. Panya walikuwa wamekula waya wa pedi ya namba mbili. Fundi mwingine angekwambia ukitupe. Mimi nilikifungua, nikasafisha meno ya shaba ya kaseti kwa spiriti, nikalehemu waya mpya, na muda si mrefu muziki ule ukalia sebuleni kwangu. Jumapili nikamwita kaka.

Alikuja alasiri, baada ya ibada, akipitia migombani, koti bado mwilini. Sikumwambia ninachotaka. Nilitaka nione kama atakumbuka mwenyewe. Akachukua pedi ya kwanza bila kuuliza.

"Tulicheza sana hiki kitu," akasema.

"Ulicheza wewe."

"Acha hizo, mdogo wangu. Namba mbili si alikuwa anacheza kila siku?"

"Namba mbili alicheza, kaka. Vidole vilikuwa vya nani?"

Kijitu chake kikatumbukia shimo la kwanza kabisa. Akakitazama kioo, kisha akavitazama vidole vyake, vinene sasa kwa jembe.

"Vyangu," akasema.

Zamu ikawa yangu. Mimi niliyewahi kufufua jokofu la hoteli huku meneja amesimama nyuma yangu, nikaifuta mikono kwenye nguo kabla ya kuishika pedi. Nikavuka la kwanza. La pili. La tatu. Kaka akasogea ukingoni mwa kochi.

"La nne lina ndege!"

"Najua."

"Umejulia wapi?"

"Nilikuwepo, kaka."

Simu yake ikaita. Siku hizi anayekamua kwa mama ni yeye. Akaweka sauti kubwa.

"Uko wapi wewe? Ng'ombe analia."

"Shikamoo mama. Niko kwa mdogo wangu. Anacheza lile gemu. Yuko shimo la sita."

Mama akauliza: "Hajafa?"

"Bado."

"Basi mwache amalize. Nitakamua mwenyewe."

Shimo la saba ndilo lililokuwa pana kuliko yote. Kaka siku zote aliliruka mapema, akafika ng'ambo kwa bahati. Mimi, pale mkekani, niliona miaka yote kwamba dawa yake ni kusubiri mpaka ncha ya mguu iguse ukingo. Nikasubiri. Nikaruka. Lango likafunguka, muziki wa ushindi ukalia.

Sikufa hata mara moja, na kaka ni shahidi, ingawa alidai ni kwa sababu pedi ni mpya.

"Kipya ni waya," nikamjibu, "na aliyeulehemu ni mimi."

Steji ya pili ikaanza. Kaka akaishika pedi yake tayari, akavua koti.

"Haya, kufa basi," akasema.

"Subiri," nikamwambia. "Nakaribia."