Aliyezikwa Ng'ambo

Kalisti alivushwa Ziwa Tanganyika mgongoni mwa mama yake, vita ilipochacha upande wa Moba. Mama aliugua, akafia kijijini kwetu, huku juu Namanyere, mtoto hajang'oa hata jino. Mzee Tadei, jirani yangu, akamchukua. Kalisti akakua anachunga ng'ombe wake, halafu akawa ndiye anayelima shamba lake. Kifipa alikisema vizuri kuliko watoto wa Tadei wenyewe, ambao walihamia Sumbawanga kufanya biashara mtaa wa Majengo. Alipofunga ndoa na Rosina hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Swali hilo lilikuja kuulizwa shambani, tukivuna ulezi. Maofisa wa uhamiaji walikuwa wanakagua vibarua, maana wengi walivuka ziwa bila kibali. Hawakuja kwa ukali. Mmoja alimwamkia Tadei shikamoo, ndipo akamgeukia Kalisti.

"Umezaliwa wapi?"

Angeweza kusema Namanyere. Alisema, "Moba."

"Una kibali?"

"Sina. Nimekulia hapa."

"Nani amekuajiri?"

Tadei alikuwa karibu, kisu cha kuvunia mkononi. Sote tulijua kwamba kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa. Aliinamisha macho, akakata suke jingine. Kalisti alimtazama kidogo, kisha akajibu mwenyewe.

"Sina mwajiri. Nilikuwa napita tu."

Wakaondoka naye akiwa na fulana yake ya shambani. Baadaye tukasikia amevushwa.

Baada ya hapo shamba lile halikuwa shwari. Tadei alikuwa akifunga mizigo ya ulezi, ananyoosha mkono nyuma na kuita, "Kalisti, kamba," kisha anabaki hivyo, mkono umenyooka, vibarua wengine wakitazamana. Rosina alikuwa akisikia kikohozi cha mumewe nje ya ukuta wa jikoni. Alitoka mara ya kwanza, ya pili, mwishowe akaacha kutoka, lakini kikohozi hakikuacha. Mtoto wao Zita naye alikuwa akikisikia. Walizungumza habari hiyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaoishi na mgonjwa.

Yaliyompata Kalisti ng'ambo alitusimulia mwenyewe aliporudi. Kule Moba hakujua mtu. Alikuwa na jina la kijiji cha mama yake tu, akakiulizia njiani hadi akakifikia mchana wa jua kali. Watoto walikuwa wanacheza. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga alimwuliza anamtafuta nani. Alipotaja jina la mama yake na lake, mwanamke akaacha mchi kinuni, akarudi nyuma taratibu, akaingia ndani na kufunga mlango.

Aliyetoka kumpokea alikuwa mjomba wake, Lazaro. Hakumpa mkono. Alimwongoza nyuma ya nyumba hadi kwenye tuta la udongo lenye msalaba wa mbao. Juu yake yalikuwa yamechongwa majina mawili: la mama, na lake.

"Mtumbwi mliopanda ulizama," Lazaro alisema. "Ndivyo tulivyoambiwa. Tukawalilia."

"Hatukupanda huo, mjomba."

"Miaka yote hii nakuombea kama marehemu. Sasa nikuite nani?"

Walimpa chakula, lakini alikula peke yake. Watoto walikatazwa kumgusa. Alilala nyumba moja na Lazaro, na kila alipojigeuza alisikia mzee naye amekaa macho, anasikiliza iwapo mpwa wake anapumua. Hali hiyo ilidumu hadi Lazaro alipowaita ndugu wote na kuung'oa ule msalaba mbele yao. Kisha akafuatana naye ofisini kushuhudia kwamba mpwa wake yu hai. Bila hilo asingepata pasi ya kusafiria.

Alirudi kwetu kihalali, mavuno yaliyofuata, akiwa na ruhusa ya mgeni. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi. Kwa hiyo alikaa pembeni ya shamba, mikono mapajani, akitutazama tunavuna. Tadei alishindwa kumkaribia. Alimwagiza Zita ampelekee maji.

Siku moja mvua isiyo ya msimu ikatanda upande wa Muze, na ulezi uliokatwa ulikuwa umetapakaa chini.

"Kaa, Kalisti," Tadei akasema alipomwona anataka kuinuka. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

Kalisti akainuka, akabeba. Tulibeba pamoja naye, tukijifanya hatumwoni. Mara ukasikika mlio wa pikipiki barabarani. Akautupa mzigo, akakimbilia kwenye mahindi, akalala kifudifudi. Kumbe alikuwa mchuuzi wa dagaa.

Zita alikuwa amesimama pale pale, anaangalia mahali baba yake alipotokomea.

Jioni ile Rosina alianza kufunga vyombo.

"Mama Zita, ruhusa yangu haijaisha," Kalisti alimwambia.

"Mtoto amekuona unakimbia, Baba Zita. Hataliona hilo tena."

Wakashuka bandarini wote watatu, wakavuka kwenda Moba. Rosina hupiga simu pale mtandao unapokubali. Anasema wanalima, na kwamba zipo nyumba ambazo bado hawapokei chakula kutoka mkononi mwa mumewe.

Tadei anaendelea na shamba. Kibarua akija kuomba kazi, humwuliza kwanza amezaliwa wapi, na ndipo huitikia salamu yake. Wengine wakishajibu, humwona mzee amegeukia mahindi, kule alikolala Kalisti, anasikiliza.